Kata, Ukurasa wa Tisa

Umeniomba notisi, Mfaume.
Daftari nimelifunga kwa kamba ya katani,
nimempa kondakta wa basi la asubuhi.
Lina doa la mabibo kwenye jalada,
na kurasa mbili zimechanika. Hizo usizitafute,
niliwashia moto siku ya mvua.

Lakini usinakili.
Ukinakili utapata mwandiko wangu tu,
na mwandiko wangu unaujua:
kuku aliyekanyaga wino.

Hapo Newala, kidato cha tatu, shule yetu ya kata,
ukungu uliingia darasani bila hodi,
ubao hatuuoni mpaka saa tatu.
Mwalimu Nambunga alisoma akiwa humo ndani,
sauti isiyo na mtu:

    Nipe kata nipe kata, mzigo haujapanda,
    Kilima nikakipita, mgongo ukanikonda,
    Usiniulize vita, uliza nilikokwenda,
    Kata haikati kata, ila kichwa kinapinda.

Akasema, kalamu chini.
Akasoma tena. Kalamu bado chini.
Nangumbi akauliza, sasa tutaandika nini?
Mwalimu akacheka kutoka kwenye ukungu:
"Andika ulipokwama."

Basi ukurasa wa tisa, juu kushoto,
utakuta neno moja la penseli:
NIMEKWAMA.
Nimelipigia mstari mara mbili, kwa hasira.
Chini yake mizani. Nilihesabu kwa korosho,
nane huku, nane huku,
mshororo wa tatu ukapungua moja,
nikamlaumu mshairi siku nzima
kumbe nimeila.

Halafu kata.
Kwanza niliandika: *kukata, amri, mkali anaongea.*
Kesho yake: *kata ya kuchotea maji, kifuu chenye mpini.*
Jumamosi nikaongeza alama ya kuuliza, kubwa,
imetoboa karatasi.
Usifute makosa, Mfaume.
Yapitishie mstari mmoja, mwembamba, yaendelee kusomeka.
Kwenye kosa langu nimerudi mara nyingi
kuliko kwenye jibu.

Mama alikuwa uani anamenya mihogo.
Nikamsomea, si kwa kumuuliza,
nilitaka tu kusikia vina vinavyogonga.
Nilipofika *nipe kata nipe kata*
akaweka kisu chini.
Akavua mtandio.
Akauchukua mkono wangu, akaupeleka utosini,
pale nywele zilipo haba,
duara, upana wa kitako cha kikombe.

Miaka kumi na moja ya ndoo kutoka bondeni
kabla bomba halijafika mtaani kwetu,
na kati ya ndoo na fuvu, kipande cha kanga kuukuu
kilichosokotwa kikawa pete.
Kata.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka.
Kila Ijumaa vidole vyangu vilipita hapo.
Nilidhani ni mba.

Nilitaka kunukuu alichosema.
Hakusema.
Ndiyo maana pembeni mwa mshororo wa nne
kuna duara tupu lisilo na maelezo.
Si doa. Usiandike ndani yake.

Mtihani ulipokuja waliuliza:
*Eleza maana ya neno "kata". Alama nne.*
Nikaziandika zote, ya kukata, ya kuchotea,
ya kubebea, hata hii yetu yenye shule na diwani.
Nikapata mbili.
Hadi leo sijui ni zipi.

Shairi lenu la mwaka huu ni jingine, sijalisoma,
wala sitaki unitumie.
Nyuma nimekuachia kurasa sita nyeupe.
Penseli iko ndani ya kamba, nimeichonga ncha zote mbili.
Soma kwa sauti, Mama akiwa karibu.
Na akiweka kitu chini,
andika ni kitu gani.