Ujia

Wiki ya mnada wa tatu Daktari Nammohe
alinigeuzia karatasi kama dalali anayeonyesha bei.
Sukari: kumi na nne nukta mbili.
Nikasema, nimekula nini mimi
zaidi ya muhogo na kisamvu?
Hakujibu. Aliniuliza kazi yangu.

Natunza ghala, hapa hapa Newala. Korosho.
Miaka kumi na tisa nanusa magunia;
gunia lililoloa nalijua kwa pua
kabla kipima unyevu hakijatia neno.

Basi tuongee kighala, akasema,
akachora nyuma ya cheti changu
kitu kama jani refu lililokunjamana:
hili kongosho, limejilaza nyuma ya tumbo.
Humu mna visiwa, vidogo kuliko punje ya uwele,
na visiwani mna seli zinazotengeneza insulini,
zikaifunga vifurushi, zikavipanga ukutani.
Sukari ikipanda huingia, hubisha hodi kwa ndani,
na vifurushi hutoka, kimoja, kingine, kingine,
kama wachukuzi siku lori limefika.

Na mafuta? Maana alishayataja.
Seli nayo ina stoo, akasema.
Vitone vya mviringo. Vinang'aa chini ya darubini.

Nilingoja aseme: adui huyo, mfukuze.
Ndivyo asemavyo wifi yangu Somoe,
anayekunywa maji ya ndimu alfajiri
na kuhukumu sufuria za wenziwe mchana kutwa.
Nammohe akatikisa kichwa.
Kidogo kinatakiwa. Seli huchota kwenye kitone,
huvunja, hupeleka salamu ukutani: ongezeni mkono.
Ifyeke stoo yote, na utoaji unalegea.
Kikizidi je? Hapo, akasema, wataalamu wenyewe wanabishana:
kitone ni mahabusu, kinafungia mafuta yasizagae yakaunguza,
au ndicho chenyewe kinachokaba.
Labda vyote viwili, inategemea ni lini.

Akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nimeshatoka chumbani kwake,
niko mwaka ule mnada ulipododa mara nne.
Mashamba hayakusikia habari ya bei;
mikorosho ilidondosha, watu wakaleta.
Tulipanga magunia hadi kwenye kenchi,
tukapanga ujiani,
tukapanga nyuma ya mlango,
na mnunuzi alipokuja, Mungu wangu,
mchukuzi hakuwa na pa kupitisha bega.
Mali ipo. Stakabadhi ipo. Honi inalia nje.
Ndani, joto linapanda lenyewe
na ile harufu.

Ikatoka barua: wachukuzi wa ghala namba mbili ni wavivu,
waondolewe.
Chinduli alikuwa ameingia kwa ubavu mara ishirini siku ile,
amechunika kifua, ametoa magunia sita.
Mimi ndiye niliyeigonga muhuri.

Daktari, nikasema, hizi seli zangu
zimechoka, au zimezibwa?
Akanitazama kwa muda.
Zingine zimechoka, mama. Zingine, huenda, zimezibwa.
Ndiyo maana ninakwambia tembea.

Nje upepo wa Newala ulikuwa unavuta kanga.
Kijana wa bodaboda akaniita kwa jina langu,
ananijua, kila jioni hunishusha Kiduni mlangoni.
Nikampungia aende.
Njiani nilipita kwa mama wa vitumbua,
mafuta yakichekacheka karaini,
na sitasema uongo: nilisimama.
Nilinunua kimoja. Nilizoea vinne.

Asubuhi niliwahi ghalani kabla ya karani wa mizani.
Nilipima ujia kwa mikono, toka ukuta hadi rundo.
Mikono miwili na shubiri.
Nikamtuma mtoto kwa Chinduli, siku hizi anauza mkaa,
amwambie kuna magunia ya kusogeza,
na kuna neno nadaiwa.