Mgongo wa Radmila

Nianze na muziki, maana ndio unaonikata stimu kwanza.
Kwa nini kila mwanamke anayenyanyua chuma
lazima apigiwe ngoma kama ya harusi ya majini?
Mimi nataka pumzi.
Nataka sahani za chuma zigongane,
ile kech! ya mwisho, halafu kimya,
halafu tusi dogo la Kicheki limtoke mtu
akidhani hasikilizwi.

Niko Ostrava, karakana ya tramu, zamu ya usiku.
Saa tisa navua glovu, nafuta grisi,
naiegemeza simu kwenye chupa ya chai,
namtafuta Radmila.
Jana kanionyesha uso. Dakika nne, uso.
Uso ninao hata mimi, Radmila, geuka!
Akageuka. Mgongo ndiyo kwanza unafunguka
picha ikakatwa, likaja kopo la unga,
ladha ya vanila, punguzo asilimia kumi na tano.

Na ile mishale! Myekundu,
ikinielekeza bega liko wapi.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Na nani aliyempaka plasta?
Mishipa ile kaichimba miaka tisa,
kama babu zangu walivyochimba makaa chini ya mji huu,
kisha kidole kimoja kikapita juu ya kioo
akalainika, akawa mshumaa.

Lakini linalonichoma hasa ni neno,
limeandikwa chini ya picha, na kiua pembeni:
“Bado mimi ni mwanamke.”
Nani kauliza?
Nimefunga breki miaka thelathini na moja,
sijawahi kuiomba tramu radhi.

Bohdan, mwenzangu wa zamu, ana yake.
Rangi ile ya jukwaani haiwezi,
asema wanafanana na kabati lililopigwa vanishi.
Tena wakizidi kiasi, asema, hamu inamtoka.
Nikamwambia: kiasi kiko droo gani, kilete tupime.
Akajishika tumbo lake, akacheka,
akaenda kutafuta spana ambayo hakuihitaji.

Novemba nikakata tiketi, safu ya saba,
jumba la utamaduni lenye harufu ya koti bichi.
Malalamiko yangu nimeyapanga kichwani kama ankara.
Nikamkuta kwenye ngazi za nyuma,
ndala miguuni, kipande cha mkate wa mchele mdomoni,
rangi imemchuruzika hadi kiwiko.
“Mama, unajua kufunga kamba? Ndoano imekatika.”
Mimi? Najua kufunga kila kitu.
Nikatoa waya mfukoni, nikaukunja kwa meno.

Basi nikauona, umbali wa shibiri moja.
Ulikuwa unatetemeka.
Vipele vya baridi vimesimama juu ya misuli
ambayo nilidhani haijui baridi.
Ankara ikanipotea yote, ikabaki mstari mmoja:
“Ule muziki,” nikasema, “unaifunika pumzi yako.”
Akageuza shingo, polepole, asiharibu rangi.
“Ndiyo kazi yake. Nikihema nasikika kama baba
siku zake za mwisho, kifua kimejaa vumbi la mgodi.
Sipendi watu waisikie.”
Wakamwita namba. Akapanda na waya wangu mgongoni.

Alishika nafasi ya tano.
Nilipiga makofi mpaka jirani akanihama.

Leo saa tisa, chai, simu, chupa.
Ngoma ya majini ni ile ile, kopo ni lile lile,
mishale imeongezeka.
Ila sekunde ya thelathini na nane
muziki umekatika,
na mtu amehema, mara moja, kwa kukwaruza,
kisha ngoma ikarudi mbio kama iliyofumaniwa.
Huenda ni hitilafu ya mitambo. Najua mitambo.
Nimerudia mara sita.

Ule unga bado siununui.