Shilingi Moja, Sikonge

Ijumaa ya malipo. Ofisi ya ushirika wa asali
imejaa ndoo hadi mlangoni,
na nyuki watatu waliofuata harufu kutoka porini
wanatembea juu ya kioo cha kompyuta
kama wakaguzi waliotumwa na wilaya.

Nimechapa orodha, nimeibandika ukutani.
Wa kwanza kuisoma ni Bi Nyanzala Kapalata,
mwenye mizinga kumi na minne njia ya Ipole
na penseli ndani ya mtandio.
Anajumlisha juu ya kifuniko cha ndoo.
Ananyamaza.
Anajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu.

"Karani. Mimi na wanangu, mistari mitatu, simu moja."

78,874
55,789
35,269

"Mwishoni hapa ni mbili. Wewe umeandika moja."

Jumla: 169,931.

Shilingi moja!
Hata ikilala njiani haiinamiwi.
Sarafu yake sijaishika tangu nizaliwe.
Nikataka kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha.

Mali bila daftari, walisema wahenga,
hupotea bila habari.
Daftari ninalo, mama, tena la umeme,
na habari ndiyo hii umeniletea.

Nikazifungulia namba desimali zake.
78,873.75.
55,788.75.
35,268.75.
Robo tatu, robo tatu, robo tatu,
zimejibanza nyuma ya safu niliyoibana
ili karatasi ipendeze.
Mashine ilijumlisha kilichokuwamo: mbili na robo.
Macho ya Bi Nyanzala yalijumlisha kilichoonekana: tatu.
Hakuna aliyekosea ila mimi,
niliyezifunika namba nikadhani nimezikadiria.

Nikajaribu njia ya mkato.
Bei ya kilo ni 6,412.50;
nikaigeuza 6,413, nikapumua.
"Kilo zetu za msimu huu ni ngapi?" akauliza.
Elfu mbili.
"Na hiyo nusu uliyoongeza?"
Nikapiga hesabu. Shilingi elfu moja
isiyotoka kwa mnunuzi wala kwa nyuki.
Nikairudisha bei kama ilivyokuwa, na nusu yake,
mkono wangu ukiwa mzito kidogo.

Basi tukakaa, yeye juu ya ndoo, mimi kwenye kigoda,
tukaiandika upya fomula:
kilo zizidishwe na bei, kila tarakimu ibaki hai,
hata ile ya mwisho kabisa, hata ikichosha macho;
kisha mlangoni, mara moja tu,
ikadiriwe kuwa shilingi kamili.
Na jumla ihesabu zilizokwisha kuvuka mlango,
si zile zilizobaki ndani zikinong'ona.

"Ikiangukia nusu barabara?"
Mashine huipandisha, nikasema.
"Kila siku?"
Kila siku.
"Basi chama kitakuwa kinatoa kila siku.
Iandikie mstari wake, tuione ikitoka."

Nikauandika, chini kabisa, kwa wino mwekundu:
Tofauti ya kukadiria.
Kwa mistari yake mitatu, senti sabini na tano.
Kwa wanachama wote, siku ile, shilingi nne na kitu.
Ni fedha isiyonunua hata kiberiti,
lakini sasa ina jina na ina mahali pa kulala.

Umeme ukakatika. Betri ikalia mara mbili.
Nyuki mmoja alikuwa amesimama
katikati ya seli tupu,
akaipima kwa miguu, akaona haina nta,
akaondoka dirishani.

Jioni simu ya Bi Nyanzala ikaita kengele ya ujumbe.
Umepokea 169,932.
Akausoma kwa sauti mpaka ile mbili,
akaisoma hiyo mbili peke yake mara ya pili.
Kisha ujumbe wa pili: makato ya kutoa.
Akaangalia tarakimu zile muda mrefu,
akanigeuzia kioo cha simu.

"Na hawa," akasema,
"ofisi yao iko wapi?"