Dakika Kumi na Nne

Tulianza Jumamosi, saa tatu asubuhi, baridi ya Oktoba
imeshajikalia kwenye sakafu ya banda kama mpangaji asiyelipa.
Hillevi, mjukuu wangu, miaka kumi na mitano na miezi miwili,
akajisukuma uvunguni mwa Volvo kwa mgongo, juu ya kadibodi,
akatoa mkono: "Kumi na tatu."
Nikampa spana.
"Bibi, hii ni kumi na mbili."
Macho yangu, hayo.

Gari lenyewe lilizaliwa saluni,
likakatwa kisogo, likabandikwa sanduku la mbao,
likaitwa pikapu.
Sheria ya huku Uswidi yamruhusu mtoto kuliendesha
mradi lisizidi kilomita thelathini kwa saa
na mgongoni libebe pembetatu nyekundu:
huyu ni konokono, msameheni.

Sasa konokono ataka ekzosi mbili.

Nimeendesha lori la magogo miaka thelathini na mmoja.
"Silinda nne," nikamwambia, "bomba moja lazitosha."
"Tundu moja la pua lingekutosha na wewe," akajibu kutoka chini,
"mbona unayo mawili?"

Boliti ya kwanza ilikatika. Ya pili tuliichoma kwa moto
mpaka ikawiva kama jicho la mlevi, ndipo ikakubali.
Bomba kuukuu likaanguka, likamwaga unga mwekundu kifuani pake,
chumvi ya barabara, majira ya baridi ishirini.

Kisha ile panda. Chuma cha pua, umbo la panda ya manati:
mkia kwenye injini, mkono huu kushoto, huu kulia.
Tuliichora kwa chaki sakafuni,
akapima kwa kamba ya kiatu changu.
La kushoto lipande juu ya ekseli. La kulia likwepe tangi la petroli,
akaacha nafasi ya kidole kimoja.
"Vinne," nikasema. Hapo sikubembeleza.
Akakata upya, akilaani kwa Kifini cha bonde letu,
matusi niliyomfundisha mama yake.

Kuchomelea nilitaka nishike mimi.
Akakataa. Mshono wake wa kwanza
ulikuwa kinyesi cha kunguru juu ya paa.
Wa tano ukaanza kufanana na mshono.
Nilishika taa na kufunga mdomo,
kazi mbili ambazo sijapata kulipwa.

Saa kumi jioni, giza tayari, akawasha.

Kwanza kikohozi. Halafu ngurumo ya tumboni,
misumari ikacheza ndani ya makopo,
vumbi likashuka kutoka kwenye boriti ambazo marehemu mume wangu
alizigongomea mwenyewe.
Algot wa ng'ambo, ambaye hasikii tena hata redio,
akatoka barazani na soksi, anacheka.

Debe tupu haliachi kuvuma, najua.
Lakini Korpilombolo nayo ni debe:
upande wetu huu nyumba kumi, zenye taa tatu,
na basi la jioni halipiti tena.
Acha basi kitu kivume.

Ijumaa huenda kwa wenzake, kwenye kituo cha petroli,
wanapanga magari yao ya konokono na kula soseji.
Mimi nalala sikio likiwa nje.
Anapovuka daraja naanza kuhesabu:
kilomita saba, dakika kumi na nne.
Zanitosha kuwasha jiko, kupasha supu ya samaki,
kuifunika, kurudi kitandani
na kujifanya nakoroma.

Akitimiza kumi na nane atanunua gari la watu wazima,
lenye sauti ya paka.
Dakika zangu zitakuwa tano kasoro.
Supu haitawahi kupata moto.

Jana polisi wa Pajala kamsimamisha: apunguze kelele, ana wiki mbili.
Karudi na sailensa mpya, imefungwa kwenye gazeti,
uso umemshuka. Akaingia uvunguni, akatoa mkono.
"Kumi na tatu."

Nikapekua sanduku lote. Nikapekua rafu.
Nikamwambia imepotea, tutaitafuta kesho.

Imo mfukoni mwa aproni yangu,
imeshapata joto.