Kwa Chaki ya Fundi

Karavani iko Mikindani, nyuma ya godauni,
watu wa gesi waliiacha mkataba ulipokwisha.
Nyeupe, ila ubavu mmoja umeota ukungu.
Chitope mlinzi alitufungulia kwa funguo tatu,
akavua ndala mlangoni kama anaingia msikitini.

Ndani kila kitu kilishaamuliwa.
Kitanda kinageuka meza, meza inageuka kitanda,
sinki la vikombe viwili, si la sufuria ya ugali,
makabati yana vifungo ili sahani zisiruke.
Mfaume akajilaza kujaribu,
miguu ikabaki nje kuanzia ugokoni.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Alikuwa ameshaipenda,
anafungua na kufunga bomba lisilo na maji,
anafungua, anafunga.

Milioni saba na nusu.
Chitope aliitaja bei akitazama ndala zake.

Tela liko Masasi, kwa mjane wa Hokororo.
Sanduku la bati juu ya ekseli moja,
misimu kumi na mmoja limebeba korosho za watu
na bado linanuka gunia,
na ule ukali wa maganda unaokaa vidoleni hata ukinawa.
Halina dirisha. Ukiingia saa saba mchana
unatoka umeiva.
Milioni mbili, alisema mama,
na kuku wanaolala chini yake si wenu.

Sisi ni watu wa msimu.
Juni yeye hutengeneza pampu za salfa, Tandahimba, Newala.
Oktoba mimi hufuata minada na cherehani yangu,
maana mwanamume akishalipwa korosho
ndipo anakumbuka mkewe hana gauni.
Miaka tisa tumelala kwenye baraza za watu,
na mara moja ndani ya ghala la ushirika,
juu ya magunia, korosho zikituhesabu mbavu.

Nikamwambia: ile ngozi ya karatasi
ikipanda Newala itafika nati peke yake.
Akasema: ina tangi, lita arobaini.
Nikasema: kule juu maji yanauzwa kwa dumu,
tangi haliiti mvua.
Akasema: na bati lako litatukaanga.

Hilo sikuwa na jibu lake. Siku mbili sikuwa nalo.
Na sikumwambia kwamba mle ndani nilishika pazia,
nikapindua upindo nione mshono,
mshono mnyoofu wa mtu asiyenijua,
na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilishona upya kichwani.

Msidhani tuliamua kwa busara.
Malipo ya pili ya korosho yalichelewa,
basi, tukanunua tela.
Mfaume alilivuta na Landrova ya shemeji yake
bila kusema neno mpaka Mkuti.
Kuku mmoja alikuja nalo.

Jana jioni, bati lilipopoa,
nikaingia na chaki yangu ya bluu, ya kukatia suti.
Nikachora kitanda, kirefu, cha miguu yake.
Nikachora meza ya cherehani, rafu ya pampu,
ndoo, jiko, msumari wa kutundika kanga.
Dirisha nimelichora mara nne.
Kitambaa ukikikosea unaficha kosa kwenye pindo,
bati halina pindo.
Yeye alisimama mlangoni, mikono mfukoni,
anatazama nyumba ya mistari
kama mteja asiyelipa.

Usiku mvua ya kwanza ikaiangukia Masasi.
Tulikuwa tumetandika mkeka ndani ya kitanda cha chaki,
kelele ya bati hata kusemezana hatuwezi.
Tone likanipiga begani. Lingine.
Mfaume akawasha tochi ya simu, akamulika juu,
akanyoosha kiganja kwangu:
chaki.
Akasimama kitandani, akalizungushia tundu duara,
na pembeni, kwa mwandiko wake mbaya,
akaandika: hapa.