Usemi wa Taarifa

Mwalimu Igembe alifuta ubao kwa kiganja,
chaki ikampanda mpaka kwenye kiwiko, akasema:
leo Kiingereza kinarudi nyuma hatua moja.
"Ninakuja" inakuwa alikuwa anakuja.
"Nitakuja" inakuwa angekuja.
Leo inakuwa siku ile, hapa panakuwa pale,
na mimi, akajigonga kifuani, ninakuwa yeye.
Alama za kunukuu ondoeni.
Msimwachie msemaji mlango wazi.

Darasa likaguna. Mimi nikacheka chini chini.
Kazi hii niliianza nina miaka saba, Isevya,
katika nyumba ya vyumba viwili na ukimya mmoja.

Baba akirudi kutoka stesheni, grisi kwenye kucha,
hukaa kizingitini na sahani yake:
"Kalunde, mwambie mama yako
mchuzi huu akamnyweshe ng'ombe."
Hatua kumi na moja mpaka jikoni, nilizihesabu,
na katikati, penye mtungi, nilisimama kidogo
nikapanga maneno.
Mama, baba amesema mboga imekolea.

"Mwambie baba yako akale huko anakolala
akisema ana zamu."
Hatua kumi na moja.
Baba, mama anauliza kama leo una zamu.

Miaka mitano. Sikubadili nyakati tu.
Nilichambua kila sentensi kama perege wa mtoto mchanga,
miba nikaiweka mfukoni mwa sketi,
na mfuko, jamani, ulikuwa unanichoma.

Mwalimu akatupa sentensi kumi za kwenda nazo nyumbani.
Ya sita:
"Sitarudi tena katika nyumba hii," alisema yule bwana.
Kalamu yangu ikajiendea: Alisema kwamba angechelewa.

Daftari likarudi na wino mwekundu:
Kitenzi sahihi. Habari si yake. Nani kakuambia?

Nani kaniambia.
Sentensi ile niliijua kabla ya Mwalimu kuiandika.
Ilisemwa mwezi wa sita, kizingitini,
treni ya Mpanda ikipiga honi, begi likiwa limefungwa kamba.
Nami nikazihesabu hatua zangu, nikafika jikoni na neno moja laini,
na tangu siku ile kawa ikafunika sahani ya mtu
kila usiku, mpaka ugali ukashika ufa.

Sahihisho huandikwa mara tatu. Nikaandika, koroboi ikinukia:
Alisema kwamba asingerudi tena katika nyumba ile.
Alisema kwamba asingerudi tena katika nyumba ile.
Ya tatu nikakwama kwenye *ile*.
Sarufi ilikuwa imeihamisha nyumba, imeisogeza mbali,
nami nilikuwa bado nimo ndani yake, nimeegemea ukuta.

Nikainuka. Hatua kumi na moja, bila kusimama penye mtungi.
Nikamsomea mama kama ilivyo, miba na yote.

Aliendelea kupepeta mchele.
Kisha akasema, na hapa sibadili kitu, si wakati, si nafsi:
"Ukuta huu haujafika darini, mwanangu.
Leta hiyo sahani tule."