Huenda

Katibu aliisoma barua mara mbili,
ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa macho,
kisha akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu
kama risiti ya deni la mtu mwengine.
"Huenda," alisema, "huenda timu ikenda Unguja.
Mfadhili ana kiwanja huko, chenye taa na nyasi.
Na sisi Bopwe, jamaani, hata uzio hatuna."

Tulikuwa kumi na tisa kwenye madawati ya skuli,
magoti yamekwama chini ya mbao za watoto.
Ubaoni palikuwa na hesabu ya kugawanya
haijafutwa, na baki yake moja.

Huenda! Neno gani hili,
lina kwenda ndani yake na lenyewe halendi?
Siku arubaini tunalala nalo.
Kinyozi kalishika, muuza urojo kalishika,
mama kanifulia begi,
akalianika, akalianua, akalianika tena.

Shaame Kombo hakusema kitu.
Miaka kumi na saba yupo katikati ya kiwanja kile.
Anajua mpira unaporuka ovyo, juu ya kisiki
cha mnazi uliokatwa kabla sijazaliwa,
anajua mbuzi wa Bi Mtumwa hupita dakika ya ngapi.
Hajaonekana hata siku moja akitazama miguu yake.
Jicho hutangulia, mpira hufuata
kama mtoto aliyeitwa kwa jina.

Kiungo, ndivyo wanavyomwita,
na kiungo ndicho kilichomponza:
goti la kushoto, linalia kama bawaba.
Kila usiku Riziki hulikanda kwa mafuta ya makonyo,
chumba kizima kikanukia ghala,
na asubuhi yeye hushuka ngazi za majumba ya Mtemani
kinyumenyume, wanawe wasimwone uso.
Vijana wa barazani wanasema atundike daluga.
Waseme. Ukuta wake, msumari wake.

Jana nilitumwa kwa katibu kuchukua ufunguo wa stoo ya jezi.
Orodha ilikuwa mezani, chini ya gilasi ya chai:
majina ya wa kwenda, kwa wino.
Shaame Kombo, wa kumi na moja,
na ubavuni mwake alama ya kuuliza, kwa penseli,
nyepesi, kama ya mtu mwenye haya.
Jina langu lilikuwa chini yake.
Halikuwa na alama.

Nikenda nalo mazoezini kama kijiwe ndani ya kiatu.
Ni msimu; ng'ambo ya barabara majamvi yametandikwa
na karafuu zinageuka rangi juani.
Akanipigia pasi. Si miguuni: mbele yangu,
pale ambapo bado sijafika,
kama anavyonifunza tangu nina miaka kumi na mbili.
"Usimpe mtu mpira alipo, Mbarouk. Mpe atakapokuwa."

Nikasimama.
Mpira ukanipita, ukavuka chokaa, ukavuka barabara,
ukenda kulala kati ya jamvi la watu.

Akaja anachechemea, akalikunjua goti bovu pembeni,
akakaa chini, akaanza kuziokota zilizomwagika
moja moja, akizipuliza mchanga.
"Mbona hukukimbia?"
Sikuwa na jibu. Nikachutama nami.
"Nafasi ilikuwa kubwa," alisema. "Ilikuwa yako peke yako."

Tukaokota.
"Na ile alama," akasema, hakuniangalia,
"nimeitia mwenyewe. Kwa penseli ya mwanangu.
Katibu alishaniandika kwa wino, yule.
Nikamwambia angoje,
nami bado sijaliuliza goti."

Nilitaka kumwambia neno, sijui neno gani,
lakini mwenye jamvi alikuwa anakuja
kanga kaifunga kiunoni, na fimbo mkononi,
na Shaame Kombo, kwa mara ya kwanza tangu ile barua,
akanicheka: "Haya basi. Hapa je, utakimbia?"